Shujaa Asiye na Siri: Tahakiki ya Mwanasesere wa Kitale

Mwanasesere anayehakikiwa hapa ana urefu wa sentimita 33 na anamwakilisha Steve Austin, mhusika mkuu wa mfululizo wa runinga uitwao The Six Million Dollar Man, ulioonyeshwa Marekani kati ya mwaka 1974 na 1978. Kampuni ya Kenner ilianza kumuuza mwaka 1975. Mfululizo wenyewe ulichimbuka katika riwaya ya Martin Caidin, Cyborg, iliyotoka mwaka 1972. Kwa hiyo mhusika huyu alipita katika maandishi, kisha katika picha, ndipo akafika katika plastiki. Wahakiki wameshughulika sana na safari ya riwaya kuelekea filamu. Hatua ya tatu, ile ya kuelekea dukani, aghalabu huachiwa wafanyabiashara na watoto.

Kisa chenyewe si kigumu kukifuata. Rubani wa majaribio anaanguka na chombo chake. Anapoteza mkono wa kulia, miguu yote miwili na jicho la kushoto. Serikali inamtengenezea viungo vya mitambo kwa gharama ya dola milioni sita, na tangu hapo anakuwa mtumishi wake wa siri, mwenye nguvu na kasi zisizo za binadamu.

Jina la bidhaa za aina hii lina historia yake. Kampuni ya Hasbro ilipomtoa askari wake wa plastiki, G.I. Joe, mwaka 1964, iliogopa kwamba wavulana wa Marekani wasingekubali kununuliwa mwanasesere, kitu kilichohesabiwa kuwa cha wasichana. Likabuniwa jina jingine, lenye kutaja vitendo badala ya umbo, na tangu siku hiyo kila shujaa wa plastiki ameuzwa kwa jina hilo. Kiswahili hakikuona haja ya kujikinga hivyo. Mwanasesere ni mwanasesere, awe amebeba bunduki au amefungwa leso, na tahakiki hii italishika neno hilo bila kuomba radhi.

Kwa upande wa fani, Austin wa Kenner ni kazi ya ustadi. Amevaa traksuti nyekundu na viatu vyekundu. Kisogoni ana tundu, na mtoto akichungulia humo huona nje kupitia jicho la kushoto lenye lenzi. Mgongoni ana kitufe. Kikibonyezwa, mkono wa kulia hupanda hatua kwa hatua, ukitoa mlio wa meno ya gurudumu, na kuinua injini ya gari ya plastiki iliyouzwa pamoja naye. Mkono huo umevikwa ngozi ya mpira inayokunjwa kuelekea begani, na chini yake mna vipande viwili vya mtambo vinavyoweza kutolewa na kurudishwa.

Kasoro yake kubwa imo katika jicho. Katika runinga, jicho la Austin huvuta kilicho mbali kikawa karibu. Lenzi ya mwanasesere ni ya kupanua upeo, na tokeo lake ni kinyume kabisa: kilicho karibu husukumwa mbali na kuwa kidogo. Mtoto anayemchungulia mama yake kupitia kisogo cha shujaa humwona mama huyo kama aliyesimama ng'ambo ya shamba. Kasoro ya pili haikuepukika. Austin wa runinga anapokimbia kwa kasi ya ajabu huonyeshwa akienda polepole, huku mlio wa mtambo ukisikika, na mtazamaji hutakiwa aupindue mwenyewe ule upole kuwa mbio. Hiki ni kinaya cha kifani ambacho plastiki haiwezi kukibeba. Watoto walikielewa upesi kuliko wahakiki: waliocheza mchezo huo viwanjani walishindana kukimbia polepole, na mshindi alikuwa wa mwisho.

Lakini swali zito zaidi lahusu siri. Mashujaa wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki wana mahali pamoja palipofichwa. Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa aliusana utenzi wake mwaka 1913, hauawi na silaha yoyote ila sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na mwanawe ndiye anayepeleleza habari hiyo. Luanda Magere wa Waluo ana mwili wa jiwe. Uhai wake umo katika kivuli, na mke aliyetoka kwa maadui ndiye anayeifichua siri. Masimulizi yote mawili yamesukwa juu ya siri hiyo. Taharuki huanza pale msikilizaji anapojua kwamba ipo, na msiba hutokea pale adui naye anapoijua.

Austin wa Kenner ameligeuza jambo hili ndani nje. Kilichofichwa chini ya ngozi yake ndicho chimbuko la nguvu zake, na mnunuzi anaalikwa akitazame. Ngozi yakunjwa, mtambo watolewa, watu wote wamekwisha kuona. Hakuna asichokijua mtoto kuhusu shujaa huyu, na kwa sababu hiyo hakuna cha kusimulia. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe. Kwa kigezo cha fasihi simulizi, basi, mwanasesere huyu ni hodari wa fani na maskini wa maudhui. Hukumu hiyo ingetosha kama isingekuwapo nakala ya Kitale.

Neno nakala limetumiwa kwa makusudi, kwa maana ileile ya wanaochunguza miswada. Nakala ya Kitale haina kasha wala injini. Ilifika mwaka 1979 katika kifurushi cha zawadi kutoka Marekani, ikagawiwa katika wodi ya watoto na mtawa mmoja muuguzi. Aliyeipokea alikuwa mvulana wa miaka tisa ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umenaswa na mkanda wa kinu cha kusaga mahindi, ukakatwa juu kidogo ya kiwiko. Haijulikani kama mtawa yule aliichagua zawadi au aliutia mkono kifurushini na kutoa kilichotangulia. Mvulana hakuwa ameona runinga maishani mwake. Alikunja ngozi ya mpira, akaona vyuma vya kuchorwa mle ndani, akafikia maana ambayo Kenner haikuitia: huyu naye ameumia mkono wa kulia, na humo ndani wamemtia vyuma. Akampa jina la Mgonjwa.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake ameishona mikono ya kulia ya mashati yake yote, ili isipeperuke wala kunaswa mahali. Uzi ulikuwa mweupe, ule unaofumuliwa katika mifuko ya unga. Mvulana akaomba Mgonjwa naye ashonewe. Mama akaukunja mkono wa plastiki ubavuni, ndani ya traksuti, akaushona mkono wa nguo hadi begani kwa mishono midogo iliyokaribiana. Kuanzia hapo mkono wenye mitambo haukuonekana tena. Kwa tendo hilo la sindano (na katika utendi wa Liyongo sindano ilifanya kazi nyingine kabisa) mwanasesere alipata kile alichonyimwa kiwandani.

Mwaka 1983 mvulana alimwona Austin kwa mara ya kwanza, katika runinga ya jirani iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Sauti ya Kenya ndiyo iliyokuwa stesheni pekee ya runinga nchini wakati huo, na picha katika chombo kile zilikuwa nyeusi na nyeupe, kiasi kwamba traksuti ilionekana ya kijivu. Alimtambua kwa uso. Wenzake nao walitambua jambo: walimgeukia wote kwa pamoja, wakamtazama kigutu. Tangu jioni hiyo hadi alipomaliza shule aliitwa Ostini. Jina hilo lilikuwa la mzaha, lakini halikukosa heshima, na alilipokea. Mgonjwa hakubadilishiwa jina. Yamkini mvulana alikuwa amefahamu kwamba aliye katika runinga na aliye chini ya kitanda chake ni wahusika wawili.

Mwaka uliofuata alitahiriwa. Wabukusu hutahiri katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na desturi hiyo huihusisha na Mango, aliyemvizia joka pangoni na kumkata kichwa kwa upanga. Inafaa kukumbuka kwamba ushujaa wa Mango ulitendeka gizani. Jamii imeupokea kwa kusimuliwa na kuimbiwa, si kwa kuonyeshwa. Mtahiriwa huzunguka kwa jamaa akigonga chinyimba kwa mikono yote miwili. Mvulana huyu aligonga kwa mkono wa kushoto, na dada yake akatembea upande wake wa kulia akiigonga ile ya pili, kutwa nzima, hadi kifundo cha mkono wake kikavimba.

Mvulana huyo sasa ni mwalimu wa Kiswahili mjini Bungoma, karibu kustaafu. Mgonjwa alibaki Kitale, kabatini kwa dada, hata baada ya mama yao kufariki. Mtoto wa dada, kijana mwenye kibanda cha simu, alipata kuona katika minada ya mtandaoni kwamba wanasesere wa Kenner wa miaka ile hununuliwa na wakusanyaji wa ng'ambo. Akasoma vigezo vyao: kasha liwepo, injini iwepo, ngozi ya mkono isiwe imepasuka. Kasha ambalo halijafunguliwa kamwe hushinda yote. Mkusanyaji, kwa maneno mengine, humthamini zaidi shujaa ambaye hajawahi kuchezewa na mtu yeyote.

Kitale ni mji unaoyajua mambo ya ukusanyaji. Makumbusho yake yalitokana na mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyehifadhi wadudu, wanyama, vitabu na vifaa vya wenyeji tangu miaka ya 1920, akauacha kwa wasia alipofariki mwaka 1966. Wanafunzi wa eneo hilo wamepelekwa huko kizazi baada ya kizazi kutazama vipepeo waliochomwa pini. Ni elimu yenye manufaa, na hakuna anayedai kwamba vipepeo wale wangeruka. Kijana hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuuza, fedha zimfae mjomba wake, ambaye bado alilipa karo ya mtoto wa mwisho. Ili ajue hali ya ngozi ya mpira, alichukua wembe akaufumua mshono.

Akampeleka Bungoma mwezi wa Agosti mwaka 2024, msimu wa tohara, kwa matatu iliyopita Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Njiani walipunguza mwendo mara kwa mara kuwapisha vijana waliokimbia barabarani na chinyimba. Alipoingia alimtoa mwanasesere katika gazeti, akamweka mezani na kuanza kueleza.

"Khocha, ngozi imeharibika," alisema, akimwita mjomba kwa jina la Kibukusu. "Imegandamana na kitambaa, ikabanduka. Lakini mtambo umo. Labda bado kuna mtu atamtaka."

Mwalimu hakuuangalia mtambo. Alimsogeza mwanasesere karibu na dirisha akaupitisha ukucha juu ya matundu ya sindano, moja moja, kutoka kwenye kifundo hadi begani. Kitambaa kilichokuwa chini ya mshono kilikuwa chekundu sana, na kilichobaki kilikuwa kimefifia. Kisha akauliza uzi uko wapi.

Kijana alisema aliutupa.

Kimya kilichofuata hakikuwa cha hasira, na kijana aliona afadhali kingekuwa hivyo. Kwa mkono huu wa kushoto, miaka kumi na minne kabla, mjomba alimvika luliki shingoni, nyama ya baraka ambayo mtahiriwa hupewa ujombani, na dada akasaidia kukaza. Kijana akaanza kusema kwamba hakujua. Mwalimu akamjibu, "Ungejuaje, mwanangu? Hakuna aliyekuambia." Akabonyeza kitufe cha mgongoni. Mkono ukapanda kwa mlio wake, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukasimama hewani bila injini ya kuinua. Ulikuwa mkono mweupe wa plastiki wenye mabaki ya mpira, na kila kitu chake kilionekana.

Akaushusha. Akaenda chumbani, akarudi na sindano na uzi mweusi, uliokuwapo nyumbani. Kutunga uzi kwenye sindano ni kazi ya mikono miwili, kwa hiyo akampa kijana vyote. Kijana alijaribu mara nyingi kabla uzi haujapenya. Mwalimu akaukunja mkono wa mwanasesere ubavuni, akaushikilia kwa kidole gumba, na kijana akashona juu ya kidole hicho, mishono mirefu iliyopinda, bila kufuata matundu ya zamani. Magari ya mwisho ya kwenda Kitale yalikwisha kuondoka walipofika begani, na kijana alilala Bungoma.