Nilimwambia Kazi Zina Wenyewe

Kupoteza barua ya mtu ni kosa. Kumdanganya baadaye ni jambo lingine, na mimi nilifanya yote mawili.

Naendesha saiba Keroka, upande wa Kisii. Mji wetu umepitiwa na mpaka wa kaunti, hivi kwamba mtu hulala Nyamira akauza ndizi Kisii. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, wanaosaka kazi hapa husoma matangazo ya bodi mbili za utumishi wa umma, kando na yale ya TSC, tume ya walimu, na ya Tume ya Utumishi wa Umma kutoka Nairobi. Kila mwajiri na masharti yake. Huyu anataka bahasha iliyofungwa, jina la nafasi limeandikwa juu yake. Yule ana tovuti ya kujisajili na karatasi hazigusi. Mwingine anataka baruapepe yenye faili moja tu ya PDF.

Sikuwa na subira ya kusoma hayo yote. Wote niliwapitisha njia moja: naskani vyeti, naviambatisha na sivii, natuma kwa anwani ya saiba. Wateja wengi hawakuwa na baruapepe, au walikuwa nayo wakasahau neno la siri, na kumfungulia mtu anwani nyingine ni kazi ya dakika nyingi. Mwezi wa Juni, watu wakikimbizana na ritani za kodi za KRA, nani angengoja? Niliwaambia majibu yakija nitawapigia. Nambari zao niliziandika popote palipokuwa na nafasi, hata mgongoni mwa risiti.

Vibali navyo niliwahimiza wavilipie mapema: cheti cha tabia njema cha polisi, cha HELB kuhusu mkopo wa masomo, cha CRB kuhusu madeni. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asividai kabla ya kuwa tayari kumpa mtu mkataba. Hata hivyo niliendelea kusema, "Weka tu, usije ukakosa." Kila kibali kilikuwa na ada yangu ndogo.

Basi akaja dada mmoja mwenye diploma ya uhasibu. Nikamtumia maombi kama kawaida. Alipita mara kwa mara kuuliza, nami nikamjibu bila hata kufungua kikasha cha baruapepe. Siku nilipokuwa nikitafuta ujumbe wa mtu mwingine, nikakutana na jina lake. Alikuwa ameitwa kwenye usaili, na tarehe ilikuwa imeshapita.

Alipokuja tena nilikuwa nimeshausoma ujumbe huo. "Bado hawajajibu?" akauliza.

"Pole, dada. Unajua kazi zina wenyewe."

Akatikisa kichwa, akakubali. Nani Keroka angebisha? Mara nyingi ni kweli, tumeona nafasi zikigawanywa kabla tangazo halijakauka wino. Kwa hiyo uongo wangu haukuhitaji ushahidi. Alienda nyumbani akiilaumu serikali, na labda ukoo fulani, kwa jambo lililofanyika mezani pangu.

Nilimweleza baadaye, alipoleta tangazo jingine nikashindwa kulipokea. Nikamfungulia ule ujumbe. Aliusoma, akarudi juu kutazama tarehe, akaniuliza niliuona lini. Nikamwambia.

"Kumbe ulikuwa unajua ukinipa pole."

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kumrudishia pesa za skani, jambo la kipuuzi nikilifikiria sasa.

Siku hizi tangazo nalisoma kwanza, hadi mstari wa mwisho. Likidai bahasha, simtozi mtu baruapepe; namwelekeza posta au ofisi za bodi. Likidai baruapepe, anatuma kwa anwani yake, ikiwa imefunguliwa kwenye simu yake mwenyewe, nami nahakikisha ameijua njia ya kuingia kabla hajaondoka. Foleni inakuwa ndefu, wengine hunung'unika na kuondoka.

Yule dada hayumo kwenye foleni hiyo. Anatumia saiba ya upande wa Nyamira, ambako wanatoza zaidi.