Korongoni, Njia ya Pahi

Kutoka Dodoma hadi Kolo ni lami. Ukishika njia ya Pahi, ndipo gari hupimwa. Ardhi ya Kondoa ilimomonyoka kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa HADO kuihifadhi. Makorongo yake yangalipo.

Tulipakia saruji ya msikiti pamoja na mzee mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Gari lilikuwa limeongezewa mifuko ya hewa juu ya ekseli ya nyuma ili lisilemewe na mzigo. Lamini lilitulia. Korongoni, gurudumu moja likaning’inia, gari likainama, mzee akaleta shahada.

Dereva akatufahamisha: mfuko uliojazwa sana huwa mgumu. Gurudumu lililopanda jiwe halipati nafasi ya kujikunja, huinua ubavu mzima. Mwenzake aliye juu ya shimo hafiki chini. Tukamteremsha mzee kwanza, kisha saruji, ndipo hewa ikapunguzwa. Gurudumu likashuka, likashika ardhi. Saruji tukaivusha mabegani, kisha tukaijaza mifuko upya, kwani mfuko mlegevu chini ya mzigo hubanwa ukapasuka.

Alhamdulillahi, tulifika kabla ya Magharibi. Pampu ile nimeiandika katika orodha ya mali za msikiti.