Ndoo ya Handeni, Mkonge wa Korogwe

Handeni, asubuhi. Mama mwenyeji wangu hapa Chanika ametua mlangoni ndoo ya lita 20, ya tatu tangu alfajiri. Nilidhani ataketi. Badala yake alifungua ngata, akaikung'uta ile kanga, akajifunga kiunoni. Akasimama miguu imeachana kidogo, akapandisha mabega karibu yaguse masikio, akayashikilia kwa pumzi moja, kisha akayaachia yashuke yenyewe. Mara tatu. Halafu shingo, taratibu, kulia na kushoto.

"Mwanangu, maji ukishayatua kichwani, yatue na shingoni."

Mwaka 1929 daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, alichapisha kitabu kuhusu jambo hilihili: kaza msuli, kisha uachie. Msuli uliokaza kutwa nzima mwenyewe huusahau, akadhani ndivyo ulivyo. Ukiukaza makusudi ndipo unaposikia tofauti unapolegea. Mama huyu hakusoma kitabu chochote. Anajua pia kwamba si maji peke yake yanayopandisha mabega. Siku ya kudaiwa mchango wa shule, anasema, yanapanda hata kama hajabeba kitu.

Maji ni shida ya zamani huku Uzigua, nchi ya Wazigua, na njia ya kisimani ni ndefu. Lakini akina mama wana mahali pao pa kutua, chini ya mti, katikati ya njia. Wanatikisa mikono kama wanaokausha vidole, wanavuta pumzi, wanaitoa polepole, wanapiga stori. Nami nilitikisa nao. Mgongo uliokuwa umekakamaa tangu kwenye basi ukaanza kuniachia.

Korogwe, siku ya pili. Kutoka Handeni ni kama kilomita 65 za lami, ukishuka kuelekea mto Pangani na mashamba ya mkonge. Mwili wa huku unalemewa kwingine. Mkata mkonge huinama, hukata jani chini, hufyeka mwiba wa ncha, hufunga mganda wa majani 30, huinama tena. Analipwa kwa hesabu ya miganda. Enzi za mkoloni ilikuwa kadi ya kipande, siku 30 za kazi ndipo mshahara. Nimemtazama mmoja tangu jua halijachomoza: hakuna mti wa kutulia katikati. Kila akisimama, hesabu inasimama naye. Taya zake zimeumana, na sidhani anajua.

Hili limenikaa moyoni kuliko yote niliyoyaona safarini. Wale wa Handeni ni maskini wa maji, lakini pumziko lao liko ndani ya kazi. Huyu wa Korogwe pumziko lake limekatwa pamoja na mkonge, akaachiwa jioni tu.

Na jioni nilimkuta kwake, ameshaoga maji ya moto. Nyuma ya nyumba kuna mwembe wenye tawi la chini. Alilishika kwa mikono miwili, akakunja magoti kidogo, nyayo zikibaki ardhini, akauacha uzito wa kiuno uning'inie. Akayumba polepole, huku na huku. Nikasikia pumzi ndefu ikimtoka, na taya zikafunguka.

"Karibu ndugu," akasema, akisogea kunipisha upande wa pili wa tawi.