Cherehani Iliyozoea Mbio

Kile kitu kilichofunikwa khanga kuukuu kwenye chumba cha uani, ambacho nyinyi vijana mmekigeuza mahali pa kuwekea chaja na kofia za pikipiki, ni cherehani, mjukuu wangu. Tena si cherehani ya nyumbani kama ile Butterfly ya bibi yako. Ni Juki ya kiwandani, ya Kijapani, na nilipoileta hapa Temeke mwezi Mei 1994 mtaa mzima ulidhani kiinua mgongo kimenipanda kichwani. Juzi uliniuliza kwa nini tusiwauzie wale wa chuma chakavu, maana siku hizi kilo ina bei. Sikukujibu kwa sababu ulikuwa umesimama mlangoni na funguo mkononi. Leo umekaa, basi usiniharakishe.

Mwaka mmoja kabla, shirika la umma nililokuwa karani wake wa stoo lilitupunguza kazini watu 32 kwa barua moja. Ndiyo yalikuwa mambo ya wakati ule. Rais Mwinyi alikuwa amefungua milango ya biashara, watu wakamwita Mzee Ruksa, na maduka ambayo mwaka 1983, enzi za Waziri Mkuu Sokoine na msako wa wahujumu uchumi, ungeweza kuyazunguka kutwa usipate mche wa sabuni, sasa yalifurika mpaka vibarazani. Mlango ukifunguliwa huchagui kinachoingia, nayo mitumba ikaingia. Tuliiita kafa Ulaya, tukaicheka, tukaivaa. Pale Manzese shati zima la mtumba ulilipata kwa bei ya vifungo vya shati la kiwanda cha hapa nchini, na viwanda vya nguo vikaanza kunyamaza kimoja baada ya kingine, kama watu wanaosinzia kwenye mkutano. Mimi sikuwa mshonaji. Baba yangu ndiye aliyekuwa fundi, kwenye baraza moja pale Ngamiani, Tanga, na Singer yake ya miguu, akitaka nirithi kiti chake, nami nikaona aibu nikakimbilia kalamu. Sasa kalamu imenitema, nina umri wa miaka 51, sina la kufanya asubuhi, na mikono inawasha.

Mnada ulifanyika kwenye kiwanda kimoja cha mashati, kando ya Barabara ya Pugu, ambayo nyinyi mnaiita Nyerere. Jina la kiwanda halina kazi hapa. Getini walisimama akina mama kama 20 waliokuwa wafanyakazi wake, bado wanadai mishahara yao, wakitutazama sisi wanunuzi kama watu waliokuja kugawana vitu vya marehemu kabla ya arobaini. Ndani kulikuwa na harufu ambayo ningali naisikia: mafuta ya mashine yaliyochacha, vumbi la pamba, mavi ya popo, na kwa mbali tumbaku, maana upepo ulitokea upande wa kiwanda cha sigara. Mashine zilipangwa safu sita, zote zimeota mvi za nyuzi. Mlinzi, mzee wa Kimakonde mwenye chale usoni na mswaki mdomoni, alikuwa na redio ndogo ya betri, na siku hiyo, Jumanne ya tarehe 10, ndiyo Mandela alikuwa anaapishwa kule Pretoria. Nusu ya wanunuzi walikwenda kumzunguka mlinzi. Dalali akabaki anapiga kelele peke yake, jasho linamtoka, na yule mfanyabiashara aliyekuwa akishindana nami alipogeuza shingo ili asikie vizuri, mashine namba 41 ikaniangukia mimi kwa shilingi 85,000. Huwa nasema mashine hii nimepunguziwa bei na Mandela.

Mkokoteni mpaka nyumbani shilingi 3,500, na vijana wawili wa kusukuma wakadai nyongeza walipoijua meza ina uzito gani. Bibi yako alitoka uani na mikono ya unga, akaitazama, akauliza, "Hii inashona nini ambacho yangu haishoni?" Nikamwambia inashona haraka. Akasema, "Nani anakufukuza?" akarudi kwenye chapati zake. Nilichukia, lakini swali lilikuwa la haki.

Maana, mjukuu wangu, mashine ya kiwandani ni mnyama mwingine kabisa. Chini ya meza ilining'inia mota nzito kama mtoto wa darasa la kwanza, tena ya fezi tatu, na nyumba yetu ilikuwa na umeme wa fezi moja. Palikuwa na fundi mota mmoja aliyenishawishi kwamba tukiitegea kapasita itazunguka. Itazunguka, ndiyo, kwa nguvu pungufu na joto la kuchemshia chai. Nikaiuza kwa seremala mwenye umeme mkubwa, akaifanya ya kuzungushia jiwe la kunolea, akanipa 20,000, nami nikaongeza 18,000 nikapata kuukuu ya fezi moja. Kabla ya kuiachia ile ya kwanza niliketi na kalamu yangu ya ukarani nikasoma kibao chake: mizunguko 2,850 kwa dakika. Puli yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 110, na ya kichwani 70. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu mishono 4,500 kwa dakika, yaani 75 ukitamka neno moja tu. Mtu wa kushona kola za serikali nzima anazihitaji mbio hizo. Mimi nilitaka kushona kaptula za baba yako nikiwa na kikombe cha chai pembeni. Kwa hiyo mota niliyoinunua ilikuwa ya mizunguko 1,425, na mchongaji mmoja wa Gerezani akanikatia puli ndogo ya milimita 50, na hapo mbio zikashuka hadi mishono 1,000 na kidogo. Bado ilikuwa inaniponyoka. Mota hizi hazisimami. Ukishawasha inanguruma muda wote, na kazi ya mguu wako ni kukamata klachi, taratibu, kama dereva wa lori kwenye mlima. Wiki ya kwanza nilishona mikono ya shati ikazibika, nikaambiwa nimetengeneza gunia.

Usafi wenyewe ulinichukua siku nne. Butterfly unaitia mafuta tone tone, lakini hii ina beseni la mafuta chini ya kichwa, na pampu inayoyavuta na kuyasambaza, na juu kuna kijidirisha cha plastiki unachochungulia kuona yakiruka. Nilipokilaza kichwa nyuma nilikuta mafuta yameganda rangi ya asali, yameshika nyuzi, pini, na mende wawili waliokwisha kuwa kumbukumbu. Nikaosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa meno, nyumba nzima ikanuka kibatari, bibi yako akahamia kulala chumba cha watoto. Kutu ya kwenye kibati cha sindano niliitoa kwa msasa, na hapa nakiri kosa: nilitumia msasa wa seremala. Mpaka leo ukipitisha hariri pale inakwaruzika.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa sindano. Nilichukua za Butterfly, zenye bapa upande mmoja wa shina, nikazisukumiza, nikakaza skrubu. Zikavunjika tatu mfululizo, kipande kimoja kikaruka karibu na jicho. Ndipo nikajishusha nikaenda kwa fundi mzee aliyekuwa akishona kwenye baraza mtaa wa tatu, mtu aliyebana sigara mdomoni bila kuiwasha kwa sababu ya vitambaa. Nilimwamkia, shikamoo fundi, akaitikia bila kuinua macho, akachukua kile kipande nilichomletea, akakiviringisha vidoleni. "Hii ya nyumbani. Mashine yako inakula za shina la mviringo, DB." Alikuja jioni hiyo na bisibisi mbili mfukoni. Akaweka sindano mpya, ule mfereji mrefu wa uzi akauelekeza kushoto, akauhakikisha kwa ukucha na si kwa macho. Kisha akazungusha gurudumu kwa mkono, kuelekea kwake, polepole mno, mpaka sindano ikafika chini kabisa na kuanza kupanda. Ilipopanda kama milimita mbili akasimama. "Tazama." Nikapiga magoti. Ile ncha ya ndoano inayozunguka bobini ilitakiwa iwe imefika nyuma ya sindano hapo hapo, juu kidogo ya tundu, iukamate uzi unapolegea. Yangu ilikuwa haijafika; ilikuwa imechelewa kama abiria wa treni ya Kati. Akalegeza skrubu, akaisogeza ndoano kwa kidole kama anayemgeuza mtoto usingizini, akapitisha kipande cha karatasi kati yake na sindano kupima nafasi, akakaza. Hakutaka pesa. Alitaka nimpe ule msasa, akaondoka nao.

Yeye ndiye aliyenifunulia pia siri ya mafuta. Kwa mwendo wangu wa kinyonga pampu haikuvuta vya kutosha, kijidirisha kikabaki kikavu, na mashine ikaanza kupiga kelele za njaa. Akaniambia kila nikitaka kushona nitoe uzi, niinue mguu wa mashine unaobana kitambaa, kisha niiachie ikimbie dakika moja kwa nguvu zake zote. Nikawa nafanya hivyo, na majirani wakajua saa zangu. Mwishoni mwa mwaka huo mgao wa umeme ulipokaza, saa zangu zikahamia usiku wa manane, hapo majirani wakanijua zaidi.

Ila kilichonifunga kwa mashine hii hakikuwa chuma. Nilipokuwa nimelala chali nikifunga mota, niliona kwenye ubao wa chini, mahali goti linapokaa, vijistari vya kalamu ya wino, vinne vinne na cha tano kukatiza, makundi mengi, mengine yamefutwa kwa mstari mrefu. Nikajua papo hapo: ni hesabu ya kola, dazeni kwa dazeni, za mwanamke aliyeketi hapo kutwa. Sikuyapaka rangi. Nilimwonyesha kila aliyefika. Baba yako aliiandikia insha shuleni, habari za mfanyakazi asiyejulikana na kola zake, akapata 17 kati ya 20.

Basi mwaka 1996 bibi yako akarudi kutoka kwenye shughuli na mwenzake mmoja, mama mnene wa sauti ya juu, ambaye katika mazungumzo ilitokea kwamba alishona miaka 11 kiwanda kile kile, safu ya kola. Nikamkaribisha chumba cha uani kwa heshima zote. Hakungoja kuambiwa. Alivua kandambili ya mguu wa kulia, akaketi, na goti lake likaenda lenyewe kwenye ule wenzo wa pembeni unaoinua mguu wa mashine, wenzo ambao mimi kwa miaka miwili nilikuwa bado naupapasa. Akatia kipande cha kitambaa, akakanyaga, akashtuka, akacheka mpaka akashika kifua. "Kaka, umeifunga breki?" Nikamweleza habari za puli. Halafu nikamwomba ainame aone vile vijistari, nikamwambia na habari za kola, na insha.

Akainama, akakaa huko chini muda, nikadhani analia. Alipotoka alikuwa anafuta macho kweli. "Hizi si kola, kaka. Kola alihesabu msimamizi. Haya ni maandazi. Mama wa chai alipita saa nne, anakopesha, na kila mtu anaandika lake chini ya meza mpaka mwisho wa mwezi." Akarudi tena chini, akayahesabu yale yasiyofutwa kwa kidole. "Ishirini na saba. Huyu wa 41 kaondoka na deni la watu."

Nikamuuliza yake ilikuwa namba ngapi. Akasema yake ilikuwa safu ya madirishani, mpya kuliko hii, na haikuwa ikivuja mafuta. Kisha akaniomba mkasi, akakata uzi, akauliza kama nina kitambaa kingine.