Chumba Kimoja cha Blantyre

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijaishi kwingi, maana nina miaka kumi na sita tu, lakini katika likizo ya Agosti 2025 niliona jambo ambalo mpaka leo halijanitoka akilini.

Mpenzi msomaji, kabla sijakupeleka ng'ambo yafaa nikiri kosa langu. Tangu nijiunge na shule hii, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kufika kwetu. Jioni tukifunga shule huwa naandamana na wenzangu hadi pale dukani, kisha nawaambia, "Haya, mimi naingilia hapa. Tuonane kesho." Nawangoja wapotee ndipo niendelee na safari yangu. Sababu ni kwamba sisi tunaishi kwa ploti, chumba kimoja, watu sita. Ukuta wetu ni pazia. Upande mmoja ni baba, mama na kitinda mimba wetu. Upande wa pili ni sisi watoto watatu, stovu, mitungi ya maji na meza ambayo mimi hufanyia hesabu wenzangu wakikoroma. Niliona haya, nikaificha nyumba yetu kama mtu afichaye kidonda.

Sasa tuje kwa safari. Mama mdogo, yaani dada yake mama, huwatunza wazee katika mji wa Hamilton huko Uskoti. Nilipofanya mtihani wa KCPE mwaka 2022 aliniahidi kwamba siku moja angenipeleka nikamtembelee. Ahadi ni deni, na alilipa. Sisi watu wa Nakuru tumezoea kuwaona watalii wakipita kwenda kutazama wanyama mbugani. Kumbe ipo siku nami ningeitwa mtalii!

Jumamosi moja mama mdogo aliniambia, "Leo nakupeleka Blantyre, kwa kina Livingstone." Blantyre ni mji ulio jirani na Hamilton, kwa hivyo tulipanda basi na kufika upesi. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha na mimi nikitetemeka kama kifaranga, ingawa wenyewe waliniambia ati huo ndio msimu wao wa joto. Tulishuka, tukapita chini ya miti mikubwa, na mbele yetu tukaona sanamu kubwa ya simba akimrukia mtu. Simba alimjeruhi Livingstone kweli, mwaka 1844, katika nchi ambayo sasa ni Afrika Kusini. Nusura angemuua, lakini Mwafrika mmoja aliyeitwa Mebalwe alijitokeza na bunduki, simba akamwacha Livingstone na kumgeukia yeye.

Makumbusho yenyewe yako kando ya mto Clyde, katika jengo la ghorofa lililojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Humo ndimo David Livingstone alimozaliwa tarehe 19 Machi 1813. Nilikuwa nimetarajia kuona nyumba ya kifahari. La hasha! Tuliingizwa katika chumba kimoja cha futi kumi na nne kwa futi kumi. Baba, mama na watoto wao walipikia humo, wakala humo na kulala humo. Kitanda kimeingizwa ukutani, na kingine huvutwa kutoka chini yake usiku ukifika.

Mama mdogo akapaza sauti kwa Kiswahili, "Wee! Si hii ni nyumba ya kwetu kabisa! Kumekosa stovu tu."

"Mama mdogo, tafadhali, punguza sauti," nikamnong'oneza. Watu walikuwa wakitutazama, na haya zangu za Nakuru zilikuwa zimenifuata hadi Uskoti.

"Kwani umeiba?" akaniuliza. "Mimi nilikulia chumba kama hiki, na mama yako vilevile. Sasa watu wanakuja kukiona."

Mama mmoja mzee aliyekuwa amesimama karibu nasi aliuliza tulikuwa tukisema nini. Mama mdogo akamweleza bila kuficha lolote. Yule mzee akatabasamu, akasema kwamba nyanya yake pia alilelewa katika chumba kimoja, hapo hapo Blantyre, lakini maisha yake yote hakupenda kulizungumzia jambo hilo. "Natamani ningemuuliza zaidi," akasema. Maneno hayo yalinichoma kama mwiba.

Tulielezwa kwamba Livingstone alianza kazi kiwandani akiwa na miaka kumi, akiunga nyuzi zilizokatika. Alianza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya jioni hadi saa nne. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Na sisi hapa tunalia na ngeli za Kiswahili!

Hata hivyo sitaki kusema kwamba kila mwenye bidii hujengewa makumbusho. Jengo lile lilikuwa na familia ishirini na nne. Watoto wangapi waliunga nyuzi pamoja naye na leo hakuna ajuaye majina yao? Tena ndani ya makumbusho hayo nilikutana na habari za watu wetu wa bara hili. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano hadi Bagamoyo. Waliongozwa na Chuma na Susi, na Jacob Wainwright ndiye aliyesoma sala. Walifika pwani Februari 1874. Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili. Wainwright alikuwepo, lakini Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yameshapita. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya misafara ile, na nilipofikiria kwamba huenda waliambiana "pole" na "twende" kama sisi, machozi yalinilengalenga.

Nilipokuwa nikitoka niligeuka na kukitazama tena kile chumba. Kilikuwa kidogo vilevile, lakini nilijiuliza: ikiwa watu hawa hawaoni haya kukionyesha chumba chao kwa dunia nzima, mimi nawaficha nini rafiki zangu wawili ninaotembea nao kila jioni? Mama yangu hufagia chumba kile kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni, nami nimekuwa nikimkana kila siku pale dukani.

Basi wenzangu, mnajijua. Ijumaa hii tukifika dukani sitawaaga. Tutapita pamoja, tuingie kwa ploti, mlango wa nne mkono wa kushoto. Mama amesema atapika chapati. Viti havitutoshi, tutakalia kitanda. Karibuni.