Nyumba ya Milango Miwili

Muheza ni njia panda. Barabara itokayo Tanga hupita mjini ikielekea Segera, na nyingine hutengana nayo, ikapanda Milima ya Usambara ya Mashariki mpaka Amani, kwenye chai na iliki. Mtu wa Amani akileta barua Muheza, kisha jibu lake likapakiwa katika basi la Tanga, hatalipata hata akingoja mwaka mzima; wala hatajua kama barua haikusomwa au jibu limepotea. Maradhi ya seva yenye kadi mbili za mtandao aghalabu ni ya namna hiyo.

Na ichukuliwe hospitali ya mfano katika mji huo. Kadi ya kwanza ya seva yake huhudumia majengo ya hospitali. Ya pili imeungwa na waya uendao Tanga. Fundi, kwa nia njema, ameipa kila kadi lango lake kuu. Makarani wa masijala, walio katika mtandao mmoja na seva, hawana taabu. Karani wa wodi ya wazazi, ambayo ina mtandao wake mbali, anabonyeza na kungoja; akina mama wamejipanga mlangoni, na mkubwa wake anamwambia kuwa hajui kazi. Huo ni uonevu. Ombi lake limefika salama kwa kadi ya kwanza. Walakini seva, ikitafuta njia ya kuirudia anwani isiyo jirani, imechagua lango la kadi ya pili. Jibu limetokea mlango wa Tanga, na huko kinga ya mtandao, ikiona jibu lisilo na swali, imelitupa.

Yako pia maradhi ya jina. Seva huweza kuandikisha anwani zake zote mbili katika daftari la majina. Leo kompyuta hupewa anwani ifikikayo, ikafungua. Kesho hupewa ile nyingine, ikagoma. Fundi mvivu huizima seva na kuiwasha, mambo yakatengenea kwa bahati, akapokea sifa asizostahili.

Fundi mwangalifu huanzia kwa karani. Huiita seva kwa jina, akatazama ni anwani ipi iliyotajwa. Kisha husoma jedwali la njia ndani ya seva, na mwishowe hunasa pakiti katika kadi zote mbili kwa wakati mmoja: swali likionekana kuingia huku na jibu kutokea kule, hapana haja ya ramli. Watunga kanuni za intaneti walilijua jambo hili; waraka wao wa Oktoba 1989, RFC 1122, ulieleza tabia mbili za mashine yenye anwani nyingi, moja kali juu ya milango na moja laini, pasipo kulazimisha yoyote.

Dawa ni kubakiza lango kuu moja, la Tanga, na kuandika kwa mkono njia ya kila jengo kupitia kadi ya kwanza. Na anwani ya pili iondolewe katika daftari la majina. Njia hizo ziandikwe za kudumu, maana zisizodumishwa hufutika seva iwashwapo upya, na karani akalaumiwa tena.