Pikapu kuukuu katika baridi ya Fargo

Saa nne usiku, watoto wakiwa wameshalala, baba mmoja wa mjini Fargo huvaa koti juu ya nguo za kulalia, huingiza miguu kwenye mabuti bila kufunga kamba na kutoka nje. Mkononi ana waya wa umeme wa rangi ya chungwa, mnene kama kidole. Upande mmoja anauchomeka kwenye soketi iliyo ukutani, nje ya nyumba. Upande wa pili anauunganisha na plagi fupi inayoning'inia kwenye shoo ya mbele ya pikapu yake. Kisha anarudi ndani mbio. Kazi yote haichukui dakika mbili, lakini vidole vimeshaanza kuuma.

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa akiona hivyo atadhani gari hilo ni la umeme. Ni pikapu ya petroli ya mwaka 1995, yenye kiti kidogo cha nyuma na kutu juu ya magurudumu. Waya ule unalisha hita ndogo iliyofungwa ndani ya bloku ya injini. Hita hiyo inapasha kulanti moto ili asubuhi injini ikubali kuwaka.

Fargo iko katika jimbo la North Dakota, kaskazini mwa Marekani, kwenye ukingo wa mto Red River. Ng'ambo ya mto ni mji wa Moorhead, ambao tayari ni jimbo jingine, Minnesota. Watu wengi duniani wanalijua jina la Fargo kwa sababu ya filamu ya mwaka 1996, na ile mashine ya kusaga magogo iliyotumika kwenye filamu hiyo iko katika kituo cha wageni, watalii wanapiga nayo picha. Wakaazi wenyewe wanaonekana kuwa na mengine ya kuwashughulisha, hasa kuanzia Novemba hadi Machi.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, baridi ni jambo la milimani. Ukitaka baridi unapanda Makete, Lushoto au Limuru. Fargo inavuruga hesabu hiyo. Mji huo uko kama mita 275 tu juu ya usawa wa bahari, wakati maji ya Ziwa Tanganyika pale Kigoma yako zaidi ya mita 770. Ardhi yake ni tambarare kama meza, kwa kuwa zamani za kale ilikuwa sakafu ya ziwa kubwa la maji yaliyoyeyuka kutoka kwenye barafu. Hakuna kilima wala msitu wa kuuzuia upepo unaoshuka kutoka Canada. Usiku wa kawaida wa Januari ni nyuzi 17 au 18 chini ya sifuri, na majira mengi ya baridi hayapiti bila kufika nyuzi 30 chini. Mwezi huo jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, watoto wakiwa njiani kwenda shule gizani.

Baba huyu alizaliwa Uvira, upande wa Kongo wa ziwa, akaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Alifika Fargo na mkewe na watoto wawili, wa tatu akazaliwa huko. Hawako peke yao. Zipo familia nyingine za Kikongo mjini hapo, na Kiswahili husikika ibadani na kwenye foleni ya dukani. Pikapu aliinunua kwa bei ndogo kwa sababu zamu yake inaanza kabla basi la kwanza halijapita, na kwa sababu mwenye pikapu kanisani hakosi kazi. Kila familia inayohamia nyumba mpya inampigia yeye simu kubebewa makochi.

Magari hayakuwa mageni kwake. Ujanani alikuwa utingo wa lori, na alijua lile ambalo kila utingo analijua: rejeta ikipungua, unachota maji unajaza, safari inaendelea. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, mwaka wa kwanza, alipoona kulanti imeshuka, alivuta bomba la maji la bustanini akajaza. Baada ya wiki moja akajaza tena.

Aliyemwokoa ni mzee jirani, mkulima mstaafu, ambaye aliona lile bomba kupitia dirishani akavuka barabara na kipimo mkononi. Ni kibomba kidogo chenye mpira wa kufyonzea na sindano ndani. Mzee alifyonza maji ya rejeta, akaangalia sindano, akamwonyesha: nyuzi 9 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba ikifika hapo tu, kilichomo ndani kitaanza kuganda. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi, na yakitanuka ndani ya injini hayaombi ruhusa. Chuma kinapasuka. Bloku iliyopasuka kwenye gari la bei ile ndiyo mwisho wa gari.

Siku hiyo hiyo walimwaga yote, wakatafuta hosi iliyokuwa ikivuja, wakaibadilisha, kisha wakajaza nusu kulanti na nusu maji. Mchanganyiko wa namna hiyo unavumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Mke wake alishika tochi muda wote. Mpaka leo ndiye anayekumbusha, kila Oktoba, kwamba kipimo kiazimwe kwa mzee.

Oili nayo ina hadithi yake. Wenye magari ya zamani nyumbani wamezoea kopo lililoandikwa 20W-50. Ile herufi W inasimamia majira ya baridi kwa Kiingereza, na namba iliyo mbele yake inaeleza oili itakavyotiririka injini ikiwa ya baridi: inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyokuwa nyepesi. Oili ya 20 katika asubuhi ya Fargo huwa nzito kama asali, stata inazungusha kwa taabu na vyuma vinasagana bila ulainisho. Kwa hiyo anatumia 5W-30, ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari lake.

Halafu betri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri nzima inabaki na kama asilimia 40 tu ya nguvu yake, wakati ndipo injini inapohitaji nguvu nyingi zaidi kuzunguka. Betri inayosuasua Septemba haitafika Krismasi. Hapa baba huyu habahatishi. Hubadilisha betri kabla haijafa, hata kama fedha ya mwezi huo ilikuwa na kazi nyingine. Na waya wa chungwa si wa kuachwa saa zote. Ameuwekea saa ndogo kwenye soketi, umeme unaingia saa nane usiku, saa nne kabla ya safari. Zinatosha. Waya wenyewe ni wa matumizi ya nje, wenye pini tatu, kwa sababu ule mwembamba wa sebuleni unapata moto na unaweza kuunguza nyumba. Mara mbili ameondoka na waya ukiwa bado umechomekwa. Watoto hawajaacha kumcheka.

Ukweli usemwe, pikapu ni gari baya kwa barafu. Uzito wote uko mbele, kwenye injini, na magurudumu yanayosukuma yako nyuma, ambako hakuna kitu. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, mkia unakwenda unakotaka. Dawa ya huko ni mchanga. Kila Novemba ananunua mifuko mirefu, kila mmoja kama kilo 27, anailaza juu ya ekseli ya nyuma na kuifunga kwa mikanda, maana mfuko usiofungwa breki zikishikwa ghafla unakuja mbele kwa kasi ile ile ya gari. Mchanga huo huo ukikwama unaumwaga chini ya tairi. Tairi zenyewe ni za baridi, zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, kwa sababu mpira wa kawaida unakauka kama kiatu cha plastiki.

Jambo lililomshangaza zaidi mkewe halikuwa la injini. Ni makoti. Mtoto mwenye koti nene la kujaa hewa, akifungwa mkanda juu ya koti hilo, anaonekana amebanwa vizuri. Gari likigonga, koti linasinyaa na mkanda unabaki umelegea. Mwanzoni mama huyo aliona ni ukatili kumvua mtoto koti kwenye baridi ile. Sasa anamfunga akiwa na sweta, anakaza mkanda, kisha anamgeuzia koti mbele kama blanketi. Inaongeza dakika tatu kila asubuhi, na makelele.

Chini ya kiti cha nyuma kuna sanduku ambalo watoto wamekatazwa kuligusa, na ambalo biskuti zake huisha kila mara. Lina mablanketi mawili, koleo fupi, tochi, waya za kubustia betri, soksi na kitambaa chekundu. Na tanki la petroli halishuki chini ya nusu. Sababu moja ni kwamba unyevu hauingii kirahisi kwenye tanki lililojaa, ukagande kwenye mirija. Sababu ya pili waliijua Februari ya mwaka wa tatu.

Walikuwa wametoka kusalimia ndugu Grand Forks, kama kilomita 130 kaskazini, kwa barabara kuu ya I-29. Barabara hiyo ina mageti, kama ya reli, ambayo hufungwa dhoruba ikija. Siku hiyo walipita kabla hayajafungwa. Mbingu haikuwa ikimwaga theluji. Upepo ndio uliokuwa ukiizoa iliyokwisha kuanguka mashambani na kuivusha barabarani, kwanza kama moshi mwembamba juu ya lami, kisha kama ukuta. Baba alipoteza mstari wa pembeni. Pikapu ikateleza taratibu, ikaingia mtaroni, ikakaa upande mmoja ukiwa umezama. Hakuna aliyeumia. Injini ilikuwa bado inanguruma na hita inapuliza joto, na mtoto mdogo hakuamka hata.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Theluji ilikuwa imefika kwenye eksozi. Bomba la eksozi likizibwa, moshi hauna pa kwenda, unarudi chini ya gari na kupenya ndani kupitia kila tundu la kutu, na gari la miaka ile lina matundu. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Ni ile ile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango ukafungwa, asubuhi familia haifunguki. Yeye na mkewe walishasikia habari za namna hiyo tangu wakiwa kambini. Hawakuhitaji kuelezwa na mtu.

Akazima injini. Akapiga simu ya dharura, akataja namba ya kibao cha mwisho alichokiona. Akaambiwa wasitoke kwenda kutafuta msaada, wabaki kwenye gari, kwa sababu katika dhoruba kama ile mtu hupotea hatua chache tu kutoka kwenye gari lake. Kisha akatoka na koleo, mkono mmoja haujaachia bodi, akazunguka hadi nyuma na kuchimba mpaka bomba likaonekana lote. Aliporudi nyusi zilikuwa nyeupe.

Tangu hapo ikawa utaratibu. Anachimba eksozi kwanza, ndipo anawasha injini dakika kumi, dirisha la upande usio na upepo likiwa wazi upana wa kidole, kisha anazima. Baada ya saa moja anarudia. Mama aliwapanga watoto wote watatu katikati, chini ya mablanketi mawili, akawaimbisha nyimbo zote za shule ya Jumapili anazozijua, kisha akaanza upya. Walikubaliana kwamba wao wawili hawatalala kwa wakati mmoja. Kitambaa chekundu kilifungwa kwenye erio. Saa tatu na zaidi zilipita hivyo, mshale wa petroli ukishuka polepole kutoka robo tatu, hadi taa za katapila la kusukuma theluji zilipotokea nyuma yao.

Pikapu ilivutwa kesho yake. Iliwaka. Fundi alipoilaza chini ya taa aliwaonyesha kilichokuwa kibaya zaidi kuliko kukwama: chumvi ya barabarani ilikuwa imekula mirija ya breki na sakafu chini ya kiti cha nyuma, pale pale watoto wanapoweka miguu. Mirija ilibadilishwa, sakafu ikachomelewa bati. Sasa kila siku joto linapopanda juu ya sifuri, hata kwa saa chache, baba anaipeleka kuoshwa chini ya tumbo, ambako hakuna anayeona. Pia amefunga king'ora kidogo cha betri kinacholia kikinusa ile gesi. Cha aina hiyo hiyo kipo ukutani, jirani na vyumba vya watoto.

Mwishoni mwa Aprili barafu ya Red River huwa imeshaondoka na maji yanakwenda kaskazini, kuelekea Canada. Waya wa chungwa unakunjwa na kutundikwa. Mifuko ya mchanga inashushwa kutoka kwenye pikapu na kupasuliwa nyuma ya nyumba, ndani ya fremu ya mbao ambayo baba aliipigilia mwenyewe, na watoto wanaingia humo na vijiko vya mama yao kuchimba barabara.